Tairi la Mbele

Gona hakwenda Changamwe kwa furaha. Kisauni kwenyewe mafundi wa baiskeli hawahesabiki, kila kichochoro kina wake, na mtu mwenye akili timamu havuki kisiwa kizima kwenda kutafuta tairi. Ila tairi alilolitaka yeye si la baiskeli ya kubebea madumu ya maji. Lilikuwa la baiskeli ya mbio, ile nyembamba yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, na kwa tairi la namna hiyo Gona alimwamini mtu mmoja tu. Huyo ni Boga, Mdigo wa Likoni ambaye kibanda chake kiko kando ya barabara iendayo Miritini, mahali ambapo malori hupita karibu kiasi cha kumpeperushia kofia.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika na joto lilikuwa limekaza. Masika yalikuwa mlangoni. Boga alimsalimu, akamwonyesha kiti, kisha akashusha jozi moja ya matairi kutoka kwenye ndoano.

"Tazama haya. Yameshushwa na baiskeli za ng'ambo, hayajatembea sana."

Gona alifanya kama afanyavyo kila anapokuja. Alilikunja tairi moja na kulitazama kama lina nyufa zile ndogondogo zinazoletwa na jua. Akalibonyeza kwa ukucha wa dole gumba, na mpira ukaingia, ukarudi taratibu. Huo ni mpira laini wa nchi za baridi, uliotengenezewa barabara zenye maji, na hilo ndilo tairi la masika. La kiangazi ni jingine kabisa, gumu, kipara, limejazwa upepo mpaka linalia ukiligonga kwa kidole. Ukivaa la masika wakati wa jua kali, lami ya Bamburi italitafuna kabla msimu haujaisha. Ukiingia kwenye mvua na la kiangazi, basi unajitafutia mwenyewe.

"Jozi?" Boga aliuliza kwa sauti ya chini. "Si siku zote moja lilikuwa lako na moja la mwenzako?"

Hapo ndipo palipomuuma. Boga hauzi tairi moja moja. Huyavua mawili kutoka baiskeli moja, huyafunga pamoja kwa waya mwembamba, na ukimwomba avunje jozi atakuambia ukatafute la baiskeli ya maziwa. Kwa hivyo Gona na rafiki yake Mwinyihaji walikuwa na desturi yao. Kila masika yakikaribia, mmoja wao hufunga safari mpaka kwa Boga, hununua jozi, na kila mtu huchukua tairi lake moja na kulifunga mbele. La nyuma linaweza kuwa lolote. Tairi la nyuma likiteleza, baiskeli hutikisika, ukajishika, ukacheka. La mbele likiteleza, unakuwa chini kabla hujamwita mama yako.

Mwaka uliopita zamu ya kwenda Changamwe ilikuwa ya Mwinyihaji. Na masika hayo hayo Mwinyihaji akafa.

"Binti yake anataka kuipanda ile baiskeli," Gona alisema.

Boga alitikisa kichwa polepole. Alimfungia jozi kwenye gunia, kisha akakumbuka jambo. "Marehemu alirudi hapa, unajua? Baada ya kununua. Alitaka moja tu, nami sikuwa nalo, hata jozi sikuwa nayo. Nikamwambia apite tena meli ikishusha."

"Moja la nini?"

"Hakusema. Mvua ilikuwa inamnyeshea, akaondoka."

Gona alilibeba neno hilo pamoja na gunia lake mpaka Kisauni, bila kujua alifanyie nini.

Yeye na Mwinyihaji walikuwa wamefanya kazi hoteli moja huko Shanzu tangu ujana wao. Gona ni wa chumba cha dobi, Mgiriama aliyelelewa kanisani na kuimba kwaya mpaka sauti ikamkataa. Mwinyihaji alikuwa mwokaji mikate, Mwislamu wa ukoo wa zamani, mtu wa maneno machache na miguu yenye nguvu. Walikwenda kazini kwa baiskeli zao za mbio alfajiri, Gona mbele, Mwinyihaji nyuma. Hivyo ndivyo walivyozoea. Gona alikuwa na macho ya kuona mashimo, na kila alipoona shimo alitoa mkono kumwashiria mwenzake. Siku za mvua Mwinyihaji alifika hotelini na uso wote umetapakaa tope, na Gona hakuchoka kumtania mbele ya wenzao: "Leo umefuturu nini, sheikh? Udongo?" Mwinyihaji hucheka, huenda kunawa, huanza kukanda unga.

Halafu ikaja ile asubuhi kwenye mteremko wa Bamburi. Mvua ilikuwa imeanza tu, ile ya kwanza inayochanganyika na vumbi na kuifanya lami iteleze kama sahani yenye sabuni. Gona alipita kwenye kona. Nyuma yake hakusikia kelele, alisikia chuma kikikwaruza barabara. Alipogeuka, Mwinyihaji alikuwa amelala na kichwa kwenye ukingo wa mtaro. Hakukuwa na gari. Hakukuwa na mtu wa kulaumiwa. Alizikwa siku ile ile kabla ya alasiri, na Gona alipokezana na wanaume wengine kulibeba jeneza, Mkristo peke yake katika msafara ule, na hakuna aliyemuuliza.

Maneno ya watu hayakukosa. Mtu mzima na baiskeli ya mbio, walisema barazani. Alikuwa anakimbilia wapi? Gona hakuwajibu kwa sababu alikuwa na swali lake mwenyewe lililomkosesha raha mwaka mzima. Alipita kona ile ile, kwa mwendo ule ule, kwenye maji yale yale, naye hakuteleza hata kidogo. Alimuuliza Mungu kanisani, akamuuliza njiani, na hakupata jibu la kumtosha.

Sasa Ikhlas, binti wa Mwinyihaji, alikuwa amepata kazi katika jiko lile lile la mikate. Zamu huanza kabla hakujapambazuka, na kutoka kwao Mwandoni saa hizo hakuna gari la kutegemewa. Akamwambia mamake atakwenda kwa baiskeli ya baba. Mamake, Mwanarehema, hakukubali wala hakukataa. Alimtumia Gona ujumbe: "Shemeji, njoo uikague ile baiskeli, na umchagulie tairi. Ukisema yafaa, atapanda. Ukisema haifai, nitampa mtu wa vyuma chakavu aende nayo, na kazi tutatafuta nyingine."

Mzigo wote ukawa juu ya Gona. Na ukweli ni kwamba alikuwa amekwisha kuamua. Alinunua matairi kwa sababu yeye mwenyewe alihitaji moja, na kwa sababu asingeweza kufika mikono mitupu. Lakini angeitazama baiskeli, angeguna, angesema rimu imepinda, haifai. Ikhlas angelia kidogo, angepata kazi nyingine, angeishi. Gona hakutaka kusikia tena chuma kikikwaruza barabara nyuma yake.

"Hodi!"

"Karibu, shemeji. Karibu ndani." Mwanarehema alimpokea mlangoni, amejitanda leso, uso umekonda tangu msiba. "Ikhlas!"

"Abee, mama!"

"Ndoo umwamkue ami yako."

Ikhlas alitoka jikoni akifuta mikono. "Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Baiskeli iko wapi?"

"I uani, bandani," mamake alijibu. "Hapana aliyeigusa tangu walipoileta. Mimi hata kuitazama siwezi."

Gona na Ikhlas walikwenda uani. Banda lilikuwa la mabati, lina kuni upande mmoja na upande wa pili baiskeli imefunikwa kwa gunia. Ikhlas aliliondoa gunia, na Gona akaitoa baiskeli nje, akaipindua chini juu, ikasimama kwa tandiko na usukani. Alizungusha gurudumu la nyuma. Likazunguka sawasawa. Mnyororo ulikuwa na kutu, breki zilihitaji mipira mipya, mambo madogo. Akazungusha la mbele. Rimu ilikuwa imenyooka kabisa, haikuyumba, na Gona akahisi uongo wake ukianza kumponyoka.

Kisha akaligusa tairi.

Aliligusa bila kufikiri, kwa mazoea ya mkono. Aliweka ukucha wa dole gumba na kubonyeza, na ukucha haukuingia. Akabonyeza tena mahali pengine. Mpira ulikuwa mgumu, kipara, umelika katikati mpaka umekuwa bapa. Lilikuwa tairi la kiangazi.

"Nani alilibadilisha hili?" aliuliza.

"Hakuna aliyelibadilisha, Ami," Ikhlas alisema. "Ndilo alilokuwa nalo."

"Haiwezekani. Tulikuwa na tairi jipya sote wawili. Alinifungia langu kwa mkono wake."

Ikhlas aliingia bandani, akanyoosha mkono juu ya kuni. "La mvua si lile? Liko pale msumarini."

Alimshushia. Lilikuwa na mstari mwekundu ubavuni, sawasawa na lile lililokuwa kwenye gurudumu la Gona wakati huo, nje ya mlango wa mbele alikoegesha baiskeli yake, lile ambalo tangu msiba hakuwa na moyo wa kulivua hata kiangazi, likaliwa na lami. Waya wa Boga ulikuwa bado unaning'inia. Gona aliligeuza taratibu, akaona ubavu umepasuka, ufa wa kupitisha kidole, na nyuzi za ndani zikichungulia. Tairi la namna hiyo hulijazi upepo. Ukilijaza, tyubu hutokea pembeni na kupasuka kwenye kona ya kwanza.

Alikaa chini juu ya gogo la kuni.

"Shemeji, kuna nini?" Mwanarehema aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa amefika mpaka hapo, hakuthubutu kusogea zaidi.

"Hili tairi," Gona alisema. "Unalikumbuka?"

Mwanarehema alilitazama. "Nalikumbuka. Alirudi nalo kutoka Changamwe, akafungua yale mawili hapa hapa uani, akasonya. Akanambia moja limepasuka, hakuliona kule kwa haraka ya mvua. Nami nalimuuliza, basi si ujifungie hilo zima, huyo mwenzio angoje? Akanambia, Gona ndiye aliye mbele." Alisita. "Sikumwelewa. Nalidhani ni adabu zao tu za baiskeli. Akasema atarudi kwa yule muuzaji atafute jingine."

Gona alisikia kila neno. Sasa alijua Mwinyihaji alitaka tairi moja la nini, na alijua kwa nini yeye alipita kwenye kona ile na mwenzake asipite. Mwaka mzima alikuwa amemuuliza Mungu swali ambalo jibu lake lilikuwa kwenye gurudumu lake, akilipanda kila siku kwenda na kurudi. Hakuwahi kuliona tairi la Mwinyihaji kwa sababu hakuwahi kuwa nyuma yake.

Neno lile la "haifai" lilikuwa bado liko kinywani. Angeweza kulisema, na baiskeli ingeondoka na mtu wa vyuma, na tairi lililopasuka lingetupwa, na hakuna ambaye angejua chochote. Wangeendelea kusema ni baiskeli, ni mwendo wa kasi, ni uzembe wa marehemu. Gona aliliona jambo hilo wazi na akaona aibu kwamba amelifikiria.

"Shemeji, kaa," alisema. "Na wewe Ikhlas, kaa."

Akawaeleza. Aliwaeleza tofauti ya tairi la jua na tairi la mvua, akawapa yote mawili wayabonyeze kwa vidole vyao. Akawaeleza kwa nini tairi zuri hufungwa mbele. Akawaeleza kwamba aliye mbele akianguka, wa nyuma humwangukia, na kwamba ndiyo maana, labda, Mwinyihaji alilitoa lile zima. "Lakini pia alinipa kwa sababu ndivyo alivyokuwa," alisema. "Alinidanganya kwamba na yeye amefunga lake. Hakuwa na haraka asubuhi ile, shemeji. Hakuwa mzembe. Alikuwa anapanda na tairi la kiangazi kwenye mvua ili mimi nisipande nalo."

Mwanarehema alilishika lile tairi kipara kwa mikono miwili. Aliposema, sauti yake haikuwa na machozi.

"Mwaka mzima nimemkasirikia. Najilaza nikimwambia, mwendo wa kasi wa nini, na una mke na mwana? Hata dua nikimwombea, namwombea kwa hasira." Akainua macho. "Kumbe alikupa wewe."

"Ndiyo."

"Ana mwana wa kumlea, na akakupa wewe."

Gona alitamani amwambie kwamba kama angejua asingelikubali, lakini maneno hayo ni rahisi kwa mtu aliye hai. Aliinamisha kichwa na kungoja, na kama Mwanarehema angemfukuza nyumbani mwake angeondoka bila kunung'unika.

Hakumfukuza. Aliliweka tairi chini, akajifuta mikono kwenye leso. "Yafaa au haifai?" aliuliza. "Baiskeli. Ndilo nililokuitia."

Ikhlas alimtazama Gona bila kupepesa. Alikuwa na macho ya babake.

"Rimu imenyooka," Gona alisema. "Breki nitaziweka mpya. Mnyororo utaoshwa kwa mafuta ya taa. Inafaa, shemeji. Ilikuwa inafaa tangu siku ile."

Mwanarehema alifumba macho, akayafumbua. "Haya. Mfungieni tairi."

Gona alilifungua gunia, akakata waya wa Boga, akayatoa matairi mapya mawili. Akalichukua moja na kuliendea gurudumu la baiskeli ya Ikhlas. Hakufika. Ikhlas alikuwa amesimama mbele yake, mkono umenyooshwa.

"Nipe yote mawili, Ami."

Akampa. Msichana alikaa chini, akayakagua pole pole, moja baada ya jingine, ubavu huu na ubavu ule, ndani na nje, akibonyeza kwa ukucha kama alivyoona Gona akifanya. Alipoyamaliza, akayarudia tena. Mamake alisimama akimtazama na hakumhimiza.

"Ni mazima," Ikhlas alisema mwishowe. "Sasa nisikilize, Ami. Langu utalifunga wewe, na mimi nitasimama hapa nikuone. Lako nitalifunga mimi, na wewe utasimama unione. Hakuna mtu atakayejifungia mwenyewe, wala hakuna atakayeambiwa tu kwamba la mwenzake liko sawa. Ukikataa, siipandi."

"Wewe hujui kufunga tairi."

"Utanifundisha."

Basi akalifunga la Ikhlas mbele ya macho yake, akaileta baiskeli yake mwenyewe uani, akamfundisha. Alimwonyesha jinsi ya kulegeza ukingo kwa vidole bila kuibana tyubu, jinsi ya kutazama mshale ubavuni ili tairi lizunguke upande wake, jinsi ya kujaza upepo kidogo kuliko wa kiangazi ili mpira ulale vizuri barabarani. Ikhlas aliumia kidole, akasonya kama babake, akaendelea. Alipomaliza lile la Gona, Mwanarehema alishuka mpaka kwenye baiskeli kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hakuligusa la bintiye kwanza. Aliinama, akalibonyeza tairi la Gona kwa dole gumba, kwa nguvu, kisha akaenda akalibonyeza la Ikhlas.

"Sawa," alisema, akaingia ndani.

Asubuhi ya zamu ya kwanza ya Ikhlas ilikuwa na manyunyu. Gona alimkuta nje ya mlango, amevaa suruali pana na mtandio umefungwa vizuri kichwani, baiskeli mkononi. Mamake alikuwa kizingitini. Ikhlas alipanda, akasogea pembeni kumpisha Gona atangulie, kama alivyokuwa akimwona babake akifanya tangu utotoni.

"Hapana," Gona alisema. "Pita wewe mbele."

"Sijui mashimo yaliko, Ami."

"Nitakupigia kelele. Pita."

Ikhlas akapita. Walitoka Mwandoni, wakaingia barabara kuu, na mvua ikaongezeka. Kwenye mteremko wa Bamburi Gona aliweka vidole kwenye breki. Alimwona msichana akiinama kidogo kwenye kona, gurudumu la mbele likagusa maji, likayakata, likashika. Akapita. Gona akapita nyuma yake.

Walipofika tambarare Ikhlas alizidisha mwendo, na hapo tairi lake la nyuma likaanza kuchota maji ya barabarani na kuyarusha. Yalimpiga Gona usoni, maji machafu yenye mchanga na ladha ya lami, yakamwingia kinywani na machoni. Alitaka kugeuza uso, hakuweza, kwa sababu ukiwa nyuma lazima umwangalie aliye mbele. Miaka yote ile Mwinyihaji alikuwa akiyala maji haya ya gurudumu la Gona, kila masika, kutoka Kisauni mpaka Shanzu, na alichopata hotelini ni mzaha, na hakuwahi kumwomba wabadilishane hata siku moja. Gona alilia waziwazi barabarani, mtu mzima juu ya baiskeli ya mbio, na mvua ikamsitiri.

"Ami, uko?" Ikhlas aliita bila kugeuka.

"Niko nyuma yako," Gona alijibu, na hakujipangusa uso mpaka walipofika.